Harufu ya Bahari Katika Chupa

Maongezi yetu ya leo yahusu manukato. Wala si manukato yote, bali jamii moja tu ambayo wengi wetu hatujaizoea, yaani yale yenye harufu ya majani mabichi, ya kuvumwani ya mitini, na ya upepo wa bahari. Nataka kuwaelezeni yametengenezwa kwa vitu gani, jinsi ya kuyapima kabla ya kutoa fedha, na jinsi ya kujipaka bila kujidhuru. Jambo hili si la anasa tupu. Chupa moja yaweza kula ujira wa siku nyingi, na ngozi ikishaumia hairudishwi dukani ikabadilishwa.

Sisi watu wa Afrika ya Mashariki si wageni wa manukato. Pwani yetu yajua udi na ubani katika chetezo, marashi ya waridi katika mrashi, liwa, asumini, mrehani na langilangi. Hata ambari, ile itokayo tumboni mwa nyangumi na kutupwa ufukoni na mawimbi, ilikuwa bidhaa ya pwani hii tangu kale. Mwandishi Mwarabu al-Masudi, aliyeishi katika karne ya 10, aliisifu ambari ya bahari ya Wazenji. Lakini manukato yetu mengi ni matamu na mazito. Mtu aliyeyazoea hayo, akinusa kwa mara ya kwanza manukato ya kijani ya bahari, huenda akakunja uso na kusema, "Haya ni dawa!" au, "Haya yanuka mawe ya kisimani!" Asihukumu upesi. Huenda amesema kweli kuliko ajuavyo, kwa kuwa unyevu wa mawe ya kisimani ndio hasa alioutafuta fundi.

Kwanza na tuulize: bahari hunuka nini? Watu husema, "Harufu ya chumvi." Lakini chumvi haina harufu. Fungua kopo la chumvi jikoni unuse, hutapata kitu. Hatunusi kitu ila chembe zake zikiruka hewani na kuingia puani, nayo chumvi hairuki hivyo. Harufu ya pwani yatoka katika viumbe vyenye uhai. Mwani, na vimea vidogo mno vinavyoelea majini, vikioza au kuliwa, hutoa hewa yenye kiberiti ndani yake. Hewa hiyo ikiwa haba, twasema, "Naam, tumefika baharini." Ikizidi, yanuka kama kabichi iliyopikwa kupita kiasi. Aliyepita Paje au Jambiani, katika kisiwa cha Unguja, ambako mwani hulimwa tangu mwaka 1989, akauona umeanikwa juani, aijua harufu hiyo vizuri.

Basi fundi wa manukato hawezi kuchota maji ya bahari na kuyatia chupani. Yampasa aijenge bahari kwa vitu vingine, kama mchoraji aichoravyo kwa rangi bila tone la maji ya chumvi. Vitu hivyo twaweza kuvigawa mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni la kijani. Ukifyeka nyasi asubuhi, harufu kali mbichi hujaa hewani. Harufu hiyo haikuwako kabla ya kufyeka. Jani lililojeruhiwa huitengeneza papo hapo. Wataalamu wa kemia wamejifunza kuifanya wenyewe. Tena uko utomvu uitwao galbano, unaotoka katika mmea wa jamii ya karoti umeao sana Irani. Ni utomvu wa kale, nao watajwa kwa jina la kelbena katika kitabu cha Kutoka. Harufu yake ni chungu, kama ganda la njegere mbichi lililovunjwa. Mwaka 1947 mwanamke Mfaransa, Germaine Cellier, aliutumia kwa wingi na kwa ujasiri katika manukato ya nyumba ya Balmain yaliyoitwa Vent Vert, maana yake "upepo wa kijani."

Fungu la pili ni la kuvumwani. Neno hili ni zuri kwa walimu, maana lajieleza lenyewe: ni kuvu na mwani, viumbe viwili vinavyoishi pamoja hata vikaonekana kuwa kitu kimoja. Kuvu hushika mti na kuhifadhi maji, naye mwani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua. Aliyepanda katika msitu wa Kilimanjaro ameona nyuzi zake za kijivu zikining'inia mitini kama ndevu za mzee. Wazee wa pwani nao waliijua jamii moja ya kuvumwani kwa jina la marere. Katika karne ya 19 ilipakiwa jahazini na merikebuni kwenda ng'ambo, ikatumiwa kutia nguo rangi ya zambarau. Ile inayotumika katika manukato humea juu ya mialoni na miti mingine ya Ulaya, nayo ina matawi madogo kama pembe za paa. Hukusanywa, hukaushwa, halafu huoshwa kwa dawa inayovuta mafuta yake, na kinachobaki ni kitu kizito chenye rangi ya kijani nyeusi. Kinanuka udongo wa msituni baada ya mvua, magome ya miti, ngozi iliyotengenezwa, hata wino. Na nyuma ya hayo kuna kiasi cha ufuko wa bahari wakati maji yamekupwa.

Aliyeipa kuvumwani hii heshima kubwa ni François Coty, aliyetoa manukato yake yaitwayo Chypre mwaka 1917. Jina hilo kwa Kifaransa ni kisiwa cha Kipro. Nguzo zake zilikuwa tatu: juu, mafuta ya bergamoti, tunda la jamii ya ndimu na chungwa linalolimwa hasa Kalabria, Italia, chini, kuvumwani, na pamoja nayo utomvu wa labdano, unaonata kama ulimbo, ambao zamani ulichanwa kutoka katika manyoya ya mbuzi waliopita vichakani. Tangu wakati huo kila manukato yaliyojengwa kwa mfano huo huitwa jamii ya Chypre. Manukato ya kijani ya bahari tunayoyasema leo ni wajukuu wa ukoo huo.

Fungu la tatu ni la bahari yenyewe. Humo mna mafuta ya mwani, ambari au mfano wake, na kitu kimoja kipya. Mwaka 1966 wakemia wa kampuni ya Pfizer walipata kitu kiitwacho kaloni, kinachonuka kama tikiti maji na upepo wa pwani kwa pamoja. Tangu mwisho wa miaka ya 1980 kimeenea sana katika manukato. Kitu hiki kina nguvu. Kikitiwa kidogo, chaleta hewa ya asubuhi ufukoni. Kikizidi, chafunika vingine vyote, hata mtu akanuka kama ganda la tikiti lililosahauliwa juani.

Sasa tuje katika kupima. Manukato ni mafuta mazuri yaliyochanganywa na spiriti. Spiriti huruka kwanza, kisha chembe nyepesi kama za bergamoti, kisha za kati kama za maua na majani, na mwisho zile nzito za kuvumwani na ambari. Kwa hiyo manukato hayana sura moja bali sura tatu, na muuzaji hukuonyesha ya kwanza tu, ambayo mara nyingi huisha kabla ya nusu saa kupita. Ukinunua kwa sura ya kwanza, umenunua nyumba kwa kuona mlango. Haraka haraka haina baraka.

Fanyeni hivi. Chukueni kipande cha karatasi ya kukaushia wino, mkate ukanda mwembamba, mtie tone moja. Ngojeni dakika moja ili spiriti iruke, ndipo mnuse. Nuseni tena baada ya robo saa, tena baada ya saa moja, tena jioni, na kila mara mwandike maneno machache. Msijaribu zaidi ya manukato matatu kwa siku moja, kwa maana pua huchoka upesi. Mtu akaaye karibu na soko la samaki hasikii tena harufu yake, naye mgeni aziba pua. Wengine husema kunusa buni huiponya pua. Lakini kutoka nje na kuvuta hewa safi kwatosha. Karatasi ikishakuridhisha, ndipo ujaribu ngozi, kwani joto la mwili na mafuta ya ngozi hubadili mwendo wa harufu.

Wakati wa kuhukumu, ulizeni maswali manne. Je, kijani chake ni uchungu wa jani lililo hai, au ni ukali wa sabuni? Je, bahari yake ina upepo, au ni utamu wa tikiti tu? Je, sura ya kwanza yaingia katika ya pili polepole, kama maji yanavyojaa, au yakatika ghafula kama kamba? Na jioni, kimebaki nini: unyevu wa msitu na magome, au utamu mtupu usio na asili? Manukato mabaya husema yote katika dakika ya kwanza.

Tena tenganisheni maneno mawili ambayo watu huyachanganya: "Nayapenda," na, "Yametengenezwa vizuri." Mwanafunzi aweza kulisoma shairi lenye vina na mizani timamu, na maana nzito, na bado asilipende, wala haliharibiki kwa kutopendwa naye. Vivyo hivyo mtu aweza kukiri kwamba manukato ya kuvumwani ni kazi ya fundi hodari, kisha akarudi kwa udi wake bila aibu. Asiseme tu kwamba ni mazuri kwa sababu chupa imetoka Paris, wala asiseme kwamba ni mabaya kwa sababu bibi yake hakuyajua. Pua ni yake, na fedha ni zake.

Nakuja katika jambo kubwa kuliko yote, nalo ni usalama wa mwili. Kuvumwani ya mwaloni ina ndani yake vitu viitwavyo atranoli na kloroatranoli, ambavyo huwasha ngozi za watu wengine vibaya. Umoja wa Ulaya ulitoa sheria mwaka 2017 kuvikataza, na tangu mwaka 2021 haviruhusiwi kuuzwa huko katika vipodozi. Mafundi wa leo hutumia kuvumwani iliyosafishwa, au vitu vya kemia vinavyoiga harufu yake. Ndiyo sababu manukato yenye jina lile lile hayanuki sawasawa na ya zamani. Chupa ya kale iliyosalia kabatini yaweza kuwa nzuri kwa kunusa karatasini, lakini si salama kwa kila ngozi.

Hatari ya pili ni jua. Mafuta ya bergamoti yasiyosafishwa, yakipakwa shingoni kisha jua likayapiga, huweza kuunguza ngozi na kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi. Katika nchi zetu za jua kali, msijipake shingoni na kutoka mchana.

Basi shikeni kanuni hizi. Kwanza, tieni tone moja upande wa ndani wa kiwiko, mngoje siku mbili, kwa maana mwasho wa namna hii hukawia kutokea. Ukiona upele, osha kwa sabuni, acha kabisa, na usipopona nenda kwa mganga wa hospitali. Pili, msiyapake manukato penye jeraha wala kwa watoto wachanga. Tatu, spiriti hushika moto, kwa hiyo msinyunyize karibu na taa, jiko, wala chetezo chenye makaa. Nne, kuvumwani yaweza kuacha doa. Kabla ya kunyunyiza kanzu nyeupe, jaribuni kwanza pindo la ndani. Tano, wekeni chupa mahali penye giza na baridi, maana joto na nuru huharibu sura ya kwanza mapema.

Na kiasi gani kinatosha? Kwetu joto hurusha harufu kwa nguvu, kwa hiyo matone mawili yatosha pale ambapo mtu wa nchi ya baridi hutia matano. Harufu njema ni ile aisikiayo mtu aliyesimama karibu nawe kusalimiana, si ile iliyotangulia mlangoni kabla yako. Darasani, garini, na zaidi katika chumba cha wagonjwa, pua za wenzetu nazo zina haki yao. Manukato ya kijani ya bahari yafaa saa za asubuhi na siku za mvua, wakati hewa yenyewe ina unyevu. Hapo kuvumwani hufunguka vizuri, na anayepita karibu nawe hudhani dirisha limefunguliwa upande wa pwani.

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini kizuri chahitaji mnunuzi mwenye subira, akingoje mpaka jioni kikamwonyesha sura yake ya mwisho.