Mapango ya Mlima Elgon: Machimbo ya Chumvi Yaliyochimbwa na Ndovu

Wakazi wa Naitiri na Kitale huuona Mlima Elgon siku isiyo na mawingu. Katika miteremko yake, ndani ya mbuga ya kitaifa iliyoanzishwa mwaka wa 1968, kuna machimbo ya kale ambayo wachimbaji wake wakuu ni ndovu.

Mvua nyingi ya mlimani huosha chumvi kutoka udongoni, hivyo majani wanayokula wanyama huwa na chumvi kidogo. Lakini mwamba laini uliotokana na majivu ya volkano bado una chumvi. Usiku, ndovu huingia mapangoni wakipapasa njia kwa mkonga, huvunja mwamba kwa pembe, kisha huutafuna. Kazi hiyo ya vizazi vingi imepanua mapango ya Kitum na Makingeny. Kitum huingia mlimani takriban mita 200.

Binadamu pia walichimba. Wafugaji wa jamii ya Sabaot walitoa humo chumvi ya ng'ombe wao, na baadhi yao waliishi mapangoni pamoja na mifugo. Joseph Thomson, msafiri Mskoti aliyefika mwaka wa 1883, alidhani mapango hayo yalichongwa na watu pekee.

Anayetaka kuzuru hupita Kitale, kisha Endebess, hadi lango la Chorlim. Mbuga husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Mkenya abebe kitambulisho ili atozwe ada ya raia, na alipe kupitia eCitizen. Msimu wa mvua barabara za mbugani huteleza, hivyo gari lenye nguvu huhitajika.

Kabla ya kuingia pangoni, zingatia haya:

- Ingia pamoja na mwelekezi, na ubebe tochi. Ndovu au nyati anaweza kuwa ndani.
- Usiguse popo wala kinyesi chao. Wagonjwa wawili wa Marburg, mwaka wa 1980 na 1987, walikuwa wamezuru Kitum kabla ya kuugua. Vaa barakoa na glavu, na unawe mikono kwa sabuni ukitoka.
- Ukipata homa kali baada ya ziara, nenda hospitali mara moja na ueleze kuwa uliingia pangoni.
- Usivunje mwamba wala kuandika ukutani.

Uwindaji haramu uliwapunguza sana ndovu wa Elgon. Waliobaki bado wanaihitaji chumvi hii, kwa hivyo tuwaachie njia.