Tabo Katika Motokaa Kuukuu: Faida na Hatari Zake



Kijijini motokaa si pambo. Ndiyo inayompeleka mama mzazi hospitali usiku, ndiyo inayopeleka mahindi sokoni, tena ndiyo inayobeba jeneza. Mara nyingi ni Land Cruiser kuukuu, iliyofanya kazi miaka ishirini au zaidi mikononi mwa wengine, na baba mwenye nyumba ameipata kwa kuuza ng'ombe. Basi baba huyo akiona motokaa yake inakokota mlimani, hupewa shauri: "Mzee, ifunge tabo, itapanda kama kijana." Je, shauri hilo ni jema? Na tulipime polepole, kwa maana mali ya jamaa nzima imo ndani yake, na pengine uhai wa watu.

TABO NI KITU GANI?

Mhunzi akitaka moto mkali haongezi makaa tu, bali huvuta mivukuto yake. Tabo ni mivukuto ya injini. Moshi utokao katika silinda huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limeungwa kwa mhimili mmoja na gurudumu la pili, nalo huvuta hewa safi na kuishindilia ndani ya injini. Hewa ikizidi, dizeli nyingi zaidi huweza kuungua, na nguvu huongezeka. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, ndiye aliyepata hati ya ubunifu huo mwaka 1905.

Faida yake huonekana hasa milimani. Kila upandapo mita 1,000 hewa huwa nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo motokaa iliyokimbia vizuri Dar es Salaam huonekana mvivu ifikapo Mbeya au Njombe. Si lazima iwe mgonjwa; pengine imekosa hewa tu.

CHUNGU NA MOTO

Lakini moto wa mivukuto hautelekwi chungu chochote. Tazama injini mbili za Toyota zilizoanza kufungwa katika Land Cruiser mwaka 1990. Zote zina silinda sita na ukubwa wa lita 4.2. Ya kwanza, 1HZ, haina tabo. Ya pili, 1HD-T, ilizaliwa nayo. Ukizitazama kwa nje utadhani ni mapacha, lakini ndani hazilingani. Ile isiyo na tabo hubana hewa zaidi ya mara 22, na dizeli huanza kuwaka katika chumba kidogo kichwani mwa injini. Ile yenye tabo hubana zaidi kidogo ya mara 18 tu, na dizeli huwaka juu ya pistoni yenyewe. Waliounda walijua kwamba tabo huleta mbano wake na joto lake, wakaiachia nafasi.

Basi ukifunga tabo katika injini iliyoundwa bila tabo, umeila nafasi ambayo haikuwekwa. Kichwa huweza kupasuka, gaskiti kuungua, pistoni kuyeyuka. Alumini safi huyeyuka kwa nyuzi 660 tu, na moshi wa dizeli katika kazi nzito huweza kupita hapo.

UKIAMUA KUIFUNGA NYUMBANI

Watu wameifunga, na wengine wamefaulu. Waliofaulu walishika mambo haya:

1. Injini ipimwe kwanza. Ikiwa inakula oili, inachemsha, au mbano wa silinda zake haulingani, itengenezwe kabla ya yote. Tabo si dawa ya injini mgonjwa.

2. Bomba la oili la kurudi literemke moja kwa moja, lisijipinde. Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, tia oili safi ndani ya tabo kwa mkono.

3. Msukumo wa hewa uwe mdogo, na kipimo cha joto la moshi kifungwe mahali dereva anapokiona. Fundi asikaze pampu ya dizeli kwa kutaka sifa.

4. Breki zitengenezwe kabla ya tabo. Aongezaye mbio asipoongeza breki anatafuta msiba.

Tena usiingie kamwe chini ya motokaa iliyoshikwa na jeki peke yake. Weka magogo imara, na watoto wakae mbali.

IKIWA TABO IMO TAYARI

Hapo kazi yako ni utunzaji. Mhimili wa tabo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nao huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Kwa hiyo badili oili na filta yake kila kilometa 5,000, wala usingoje iwe nyeusi kama lami. Oili chafu usiimwage karibu na kisima.

Filta ya hewa itazamwe kila wiki wakati wa vumbi, pamoja na mipira na vibanio vyake. Vumbi likipenya hula mapanga kama msasa.

Asubuhi, ukiisha kuwasha, usikanyage mafuta mara moja. Ngoja oili ifike. Ukimaliza mlima, usizime ghafla. Iache iunguze polepole dakika moja au mbili, oili iondoe joto.

Moshi wa bluu ni dalili ya oili inayopita. Moshi mweusi, hewa haitoshi au dizeli imezidi. Mlio mpya wa kupiga mbinja, pengine mpira umepasuka. Dalili ni barua: isome mapema.

NENO LA MWISHO

Kama motokaa yako haina tabo lakini inafika, shauri langu ni kuiacha ilivyo, na fedha hiyo itumike kwa breki, tairi na rejeta. Kuchelewa nusu saa mlimani si aibu. Aibu ni mgonjwa kulala njiani kwa sababu mwenye motokaa alitaka kusifiwa.

Wengi wetu hubandika sanamu ya Mtakatifu Kristofa mbele ya usukani, na ni desturi njema. Lakini busara nayo ni fadhila, na Mungu hakutupa akili ili tuzifunge sandukuni. Tuombe, kisha tutazame oili.