Moto wa mafuta shambani: kwa nini povu, si maji

Kila nikifika kwenye shamba lenye jenereta au pampu ya umwagiliaji, nauliza: haya madumu ya dizeli na petroli yakishika moto, mtazima na nini? Wengi hunijibu, "Maji si yapo, afisa?"

Hapo maji ni adui. Mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yataelea juu yake yakiwaka hadi stoo ya mbolea. Maji yakizama chini ya mafuta yenye joto kali yanageuka mvuke ghafla, na lita moja hutoa takriban lita 1,700 za mvuke. Mafuta yanayowaka yatakurukia.

Kinachowaka ni mvuke wa mafuta. Povu hutanda kama blanketi: huzuia mvuke kutoka na hewa kuingia, na maji yake hupoza.

Shida ni kwamba povu hupasuka. Maji huchuruzika, viputo vidogo humezwa na vikubwa, joto linamalizia. Kwa miaka mingi dawa imekuwa kemikali za florini, kundi la PFAS. Zinazima vizuri, ila haziozi, na zinaweza kufika kwenye kisima unachonyweshea mifugo. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm uliiwekea PFOS vikwazo mwaka 2009, kisha PFOA mwaka 2019.

Sasa watafiti wamegeukia chembe ndogo mno, mfano silika, ile iliyomo kwenye mchanga. Chembe isiyopenda maji sana wala kuyakataa kabisa hunasa kwenye ukuta wa kiputo na haitoki kirahisi. Zikijipanga nyingi, viputo haviungani, maji hayakimbii, povu linadumu. Na silika yenyewe haiungui.

Povu hilo bado liko zaidi kwenye utafiti. Usilisubiri, fanya haya:

- Nunua mtungi wa povu, na umuulize muuzaji kama lina florini. Utundike karibu na mlango, sio pembeni ya madumu.
- Zima jenereta kwanza. Usipulizie povu kwenye umeme.
- Elekeza povu ukutani litiririke taratibu juu ya mafuta. Ukilipiga katikati utayatawanya.
- Weka ndoo za mchanga mkavu kwa mafuta machache yaliyomwagika.
- Moto ukikuzidi, toka nje. Kwa Tanzania piga 114.

Kagua mshale wa mtungi kila mwezi. Ukitoka kwenye kijani, peleka ukajazwe.