Trekta dogo la Machakos: faida iko mbele, hasara pia

Wiki chache kabla ya mvua za vuli, kuanzia Masii hadi Wamunyu, kila mwenye trekta ana foleni. Mkulima wa Machakos huzitegemea mvua hizi za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi, kwa hiyo wote wanataka kulimiwa juma lile lile. Eka moja hulimwa kwa takriban Sh3,000 hadi Sh4,000, na mwenye mashine halali. Mahindi na ndengu zikishaota, simu hunyamaza. Trekta hupumzika chini ya mwembe, lakini mkopo wake haupumziki.

Ndiyo maana trekta dogo kuukuu lenye baketi mbele limeanza kuvutia macho ya wenye mitaji midogo. Plau huliingizia pesa wakati wa msimu. Baketi hulitafutia kazi miezi mingine: kupakia samadi kutoka maboma ya ng'ombe katika nyanda za Athi, kusukuma kifusi kwenye ujenzi unaoenea Mavoko na Kyumbi, kusawazisha muramu, na kuzoa tope kwenye silanga zilizokauka mwezi wa Agosti. Upande wa Yatta na Matuu, ambako mfereji uliochimbwa miaka ya 1950 hupeleka maji mashambani, kazi haingoji mvua kabisa. Mchanga wa mitoni una mambo yake. Tangu 2014 kaunti ina sheria ya uvunaji wa mchanga, na upakiaji kwa sepetu ni riziki ya vijana wengi. Huko hupeleki baketi bila kibali.

Udogo nao una sababu. Machakos ni nchi ya matuta ya fanya juu, yale ambayo mkulima huchimba mtaro na kutupa udongo upande wa juu wa mteremko. Baina ya tuta na tuta hubaki kipande chembamba, mara nyingi chenye miembe na michungwa. Ng'ombe wa plau hugeuka hapo bila taabu. Trekta la nguvu za farasi 75 huvunja tuta likijaribu kugeuka, na lile la farasi 30 hupita.

Anayetafuta trekta dogo ana njia mbili. Ya kwanza ni mashine kongwe kama Massey Ferguson 135, iliyoanza kutengenezwa 1964. Mafundi wanaijua kwa kupapasa tu, na spea zake hazisumbui kupatikana Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ya pili ni Kubota, Yanmar au Iseki iliyolima mpunga Japani, nyepesi, yenye nguvu magurudumu yote manne, na maandishi ya Kijapani kila mahali.

Maandishi hayo si pambo. Mwaka 1999 mahakama ya rufaa ya Marekani iliunga mkono zuio la kuingiza nchini humo matrekta kuukuu ya Kubota yaliyotengenezwa kwa soko la Japani. Hoja mojawapo ilikuwa kwamba yanatofautiana na yale ya Marekani kwa maandishi ya tahadhari, vipuri na huduma. Mnunuzi wa Machakos hana mahakama ya kumkinga, ila ana simu. Kabla ya kulipa, aulize bei ya filta ya haidroliki, sili za ekseli ya mbele na pampu ya maji ya modeli ile ile. Muuza spea akikuna kichwa, jibu limepatikana.

Mita ya saa isikudanganye, kwa kuwa hubadilishwa. Tazama pedali zilivyolika, kisha nenda mbele. Fundi mzoefu hutaka injini iwe baridi, aiwashe mwenyewe na atazame moshi: wa bluu unaodumu ni oili inayoungua. Hupakia baketi, huiinua hadi usawa wa kifua, huzima injini na kusimama kando kwa dakika kumi. Ikishuka upesi, silinda au valvu inavujisha ndani. Huchomoa kijiti cha oili ya haidroliki, na ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Hupitisha kidole kwenye viungio vya mikono ya baketi akitafuta nyufa na alama za kuchomelewa upya. Mwisho hupiga jeki ekseli ya mbele na kutikisa gurudumu: likicheza, beringi au bushi zimekwisha.

Kwa nini ukaguzi uegemee mbele? Hesabu ni fupi. Baketi ya robo mita ya ujazo ikijazwa samadi kavu hubeba kilo mia na ushei. Ikijazwa mchanga uliolowa, inakaribia kilo 500, uzito ambao matrekta mengi ya kiasi hicho hayakuundiwa kuinua. Baketi ni ile ile, imejaa vile vile, na dereva haoni tofauti. Ekseli ndiyo inayoiona. Mzigo ukining'inia mbele ya magurudumu, sehemu ya nyuma huwa nyepesi, breki hushika vibaya na trekta huweza kupinduka kwenye mteremko. Dawa ni kufunga uzito nyuma, hata sanduku la mawe kwenye mikono mitatu ya kufungia plau, na kutembeza mzigo ukiwa chini. Nguzo ya usalama nyuma ya kiti isikatwe eti inagonga miembe. Wala mtu asipite chini ya baketi iliyoinuliwa, maana inayoizuia ni paipu ya mpira tu.

Faida nayo inahesabika. Tuseme trekta linalima eka tatu kwa saa sita kwa Sh3,000 kila eka, na linakunywa lita nne kwa saa. Mapato ni Sh9,000. Kwa Sh170 kwa lita, dizeli ni Sh4,080. Ukimlipa dereva Sh1,000, unabaki na Sh3,920. Oktoba 2023, bei ya dizeli iliyowekwa na EPRA, mamlaka ya nishati, kwa Nairobi ilipofika Sh205.47 kwa lita, siku hiyo hiyo ingekula zaidi ya Sh800 za ziada. Kinachobaki si faida yote, kwa kuwa mashine nayo ina mshahara wake: matairi, oili, filta, na siku ya kuharibika.

Mshahara huo ukilipwa mapema huwa mdogo. Pini za baketi hutaka grisi kila baada ya saa kumi hivi za kazi, na kila siku penye vumbi au matope. Oili ya injini hubadilishwa kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu, mara nyingi 200 au chini ya hapo. Ekseli ya mbele ya trekta la magurudumu manne ina oili yake, na ndiyo husahaulika zaidi. Vumbi jekundu la Agosti huziba filta ya hewa na nyavu za radieta. Nyavu hizo zisafishwe kabla injini haijachemka.

Kaunti nayo, chini ya gavana wa kwanza Alfred Mutua, iliwahi kununua matrekta na kuwalimia wakulima bure, jambo ambalo mwenye biashara hawezi kushindana nalo kwa bei. Anachoweza kushindania ni kufika siku aliyoahidi. Kwa hiyo anayeijua kazi hii husimamisha trekta lake Septemba, hununua sili na filta kabla foleni haijaanza, na humwachia fundi ekseli ya mbele kwanza, plau baadaye. Mvua ikitua Masii na trekta liko juu ya jeki, mteja hasubiri: ng'ombe wa jirani wako tayari na plau yao.