Pangani, Mji wa Misafara

Mvua ikinyesha hapa Kansay, wajukuu wangu, maji yake hayafiki baharini. Huteremkia bondeni, yakaishia Eyasi au Manyara, yakakauka na kuacha magadi. Lakini vijito vya Mlima Meru vina safari ndefu. Vinaingia mto Kikuletwa, vinakutana na maji ya Kilimanjaro pale Nyumba ya Mungu, kisha mto mmoja unapita Korogwe hadi Bahari ya Hindi. Mdomoni mwake pana mji mkongwe wa bandari, Pangani. Haya, twendeni.

Msitarajie maghorofa. Mitaa ni myembamba, nyumba za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nyingine zimeshaanguka mapaa. Ng'ambo ni Bweni, na pantoni huvusha watu, baiskeli na magari. Tena mto wenyewe una vituko! Bahari ikijaa, huusukuma urudi nyuma. Ikipwa, mashua hubaki zimelalia ubavu matopeni. Hivyo mara mbili kila siku, na mtoto wa kule anaijua saa ya maji kupwa kama ninyi mnavyoijua saa ya kurudisha ng'ombe.

Zamani jahazi zilikuja na upepo wa kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, zikangoja kusi ziweze kurudi. Zilileta nguo na shanga, zikapakia pembe za ndovu zilizobebwa mabegani kutoka huku bara, maana misafara ya Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai ilianzia hapo. Watu nao waliuzwa. Wengine hawakupandishwa jahazini. Walibakizwa kulima miwa kando ya mto.

Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ikaja kuutwaa mji, ikapandisha bendera yake. Wenyeji wakakataa. Aliyewaongoza vitani ni Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa (shujaa, ndiyo, ila naye alikuwa na watumwa). Mwaka huohuo wasafiri wawili waliokuwa wakitoka Usambara, Hans Meyer na Oscar Baumann, walinaswa na watu wa Abushiri. Wakatiwa minyororo, wakaachiliwa baada ya fidia kulipwa.

Abushiri alinyongwa palepale Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Meyer alikuwa ameshafika kilele cha Kilimanjaro Oktoba ya mwaka huo.

Na Baumann je? Huyo ndiye anayetuhusu sisi. Mwaka 1892 alitoka Tanga na msafara mkubwa, akapanda huku kwetu, na tarehe 18 Machi akaiona kreta ya Ngorongoro. Vitabu humwita Mzungu wa kwanza kuiona, ilhali Wamaasai walikuwa wakiishi humo tangu zamani. Aliwakuta wamekonda kwa njaa, kwa sababu sotoka ilikuwa imewamalizia ng'ombe.