Tarakilishi moja, mifumo miwili: Njia ya kuinusuru programu ya zamani

WAFANYABIASHARA wengi hujipata katika njia panda wanaponunua tarakilishi mpya. Programu ya hesabu waliyoitumia kwa miaka na mikaka, iliyoundiwa Windows XP, hukataa katakata kufanya kazi katika mfumo mpya. Baadhi yao huitunza mashine kuukuu pembeni mwa ofisi, wakiomba Mola isiharibike.

Ipo njia nyingine, nayo ni programu inayounda tarakilishi dhahania ndani ya tarakilishi halisi. Mfumo unaoendesha mashine yenyewe huitwa mwenyeji, na ule unaowekwa ndani yake huitwa mgeni. Mgeni hutengewa sehemu ya kumbukumbu na ya prosesa, nayo diski yake huwa ni faili kubwa tu katika diski ya mwenyeji. Hivyo, Windows XP hufunguka katika dirisha lake kana kwamba ina mashine yake pekee.

Kampuni ya VMware, iliyoasisiwa Marekani mwaka wa 1998, ilizindua programu yake ya Workstation mwaka wa 1999. VirtualBox ilitolewa mwaka wa 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani, na sasa inamilikiwa na Oracle. Programu ya msingi ya VirtualBox haina malipo, na tangu Novemba 2024 Workstation Pro pia hutolewa bure. Hata hivyo, mfumo mgeni wa Windows huhitaji leseni yake.

Kabla ya kuanza, hakikisha kwamba uwezo wa prosesa wa kuhimili kazi hii umewashwa katika mipangilio ya mashine, kwani mara nyingi huwa umezimwa. Aidha, pima kumbukumbu. Windows XP hutosheka na gigabaiti moja, lakini Windows 11 huhitaji angalau gigabaiti nne. Ukiiweka kama mgeni katika mashine ya gigabaiti nane, mwenyeji hubakia na nusu tu.

La muhimu zaidi ni usalama. Microsoft ilikoma kuziba nyufa za Windows XP Aprili 2014, na kuiweka ndani ya mfumo mpya hakuzizibi. Mgeni wa aina hiyo asiunganishwe na intaneti.

Mwisho, zima mfumo mgeni kila juma na unakili faili zake katika diski ya nje. Mashine ikiharibika, nakala hiyo itafunguliwa katika nyingine. Bila nakala, diski ya mwenyeji ikifa, mgeni huangamia pamoja na vitabu vyote vya hesabu.