Shukrani Inapokuwa Ngumu Kuliko Maombi

Mimi ni mhazini wa usharika mmoja wa Kilutheri hapa Bungu, milimani Korogwe. Kila Januari Mkristo huandika ahadi yake ya mwaka, anapewa bahasha zenye namba, nami naandika daftarini kinachoingia. Mtu angedhani bahasha hukauka mwaka wa njaa. Sivyo. Mwaka mgumu huja na sarafu, lakini huja. Zinazopotea ni za mwaka ambao iliki imepata bei.

Vuli ikikataa, mtu hana pa kukimbilia ila kupiga magoti, na jumuiya za asubuhi hujaa. Iliki ikichangamka, Jumapili inageuka siku ya kuteremka Korogwe kuuza, kununua bati, kumlipa fundi. Hakuna aliyemkana Mungu. Amepata shughuli tu, na shughuli haina mwisho.

Ayubu tunamhubiri kwa majipu yake. Mimi humsoma zaidi kwenye sura ya kwanza, kabla hajapoteza hata ngamia mmoja: wanawe wakimaliza karamu zao, yeye hudamka alfajiri na kumtolea Mungu sadaka kwa ajili yao. Alikuwa tajiri, na bado alidamka. Jirani zangu Waislamu nao hunikumbusha Sura ya Yunus, aya ya 12, juu ya mtu anayemwita Mungu akiwa amelala, ameketi au amesimama, kisha taabu ikiondoka anapita kana kwamba hakuwahi kumwita.

Milima hii ina ushahidi wake. Wamisionari Wajerumani walianza kazi Usambara mwaka 1891. Mwaka 1916 Waingereza waliiteka nchi hii vitani, na baadaye wamisionari wale wakaondolewa. Waliobaki kukusanya watu kwa ibada ni walimu na wainjilisti Wasambaa wenyewe. Vita ya Pili ya Dunia ikaleta msiba ule ule, mpaka Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walipoingia kusaidia. Tunawasifu walimu na wainjilisti wale kwa uvumilivu wa miaka ya vita, na wanastahili. Lakini uvumilivu ule haukuzaliwa siku ya vita. Walikuwa wameshazoea kusali na kufundisha wakati hakuna aliyewatisha, chakula kipo na kengele inalia kama kawaida.

Na neema yenyewe inatoka wapi? Julai 1975 baridi kali iliua mibuni Brazili, na mwaka 1977 kahawa ikawa na bei kubwa sana duniani. Mkulima wa Kiafrika aliyeuza vizuri msimu ule hakuwa amezidisha akili; mwenzake wa ng'ambo alikuwa amepatwa na janga. Nikilikumbuka hilo nashindwa kabisa kusema mavuno mazuri ni jasho langu peke yake.

Ndiyo maana nawasihi vijana waandike ahadi kabla msimu haujafunguka, na fungu la Mungu litengwe siku ile ile ya kuuza, kabla ya bati. Moyo ulioshiba hujisahau upesi. Ukisubiri ukumbuke wenyewe, utasubiri sana. Mwaka mzuri ndio pia wa kumlipia mtoto wa jirani daftari na sare, maana mwaka mbaya wote tunaomba.

Kwenye sikukuu ya mavuno watu huleta mikungu ya ndizi, kuku, mayai, na baada ya ibada vinapigwa mnada nje. Mwaka mmoja maharage yalipostawi, mama mjane alileta debe la mbegu alizokwisha kuchambua kwa kupanda. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini mbegu?" Akanijibu, "Mwaka ule wa njaa nilileta yai moja, ndilo lililokuwepo. Sasa zipo mbegu." Debe lile alilinunua fundi bati, naye akamrudishia akapande.